Tairi la Nyuma Kushoto

Wifi yangu alileta gari siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, bila kupiga simu kwanza. Nilikuwa chini ya gari la mteja, na nikaviona viatu vyake kabla ya kumwona mwenyewe: viatu vyeusi, bapa, vilevile alivyovaa siku ya mazishi. Sikutoka haraka. Kuna nati nilikuwa naikaza, nikaimaliza, halafu nikaikaza tena ingawa haikuwa na pa kwenda.

"Wifi," akasema. "Nimekuletea gari."

"Lina nini?"

"Taa ya upepo wa matairi. Tangu mafundi wa kunyoosha bodi walirudishe, haizimiki."

Nilitoka chini nikijifuta mikono. Gari la kaka yangu lilikuwa limesimama mlangoni, limenyooshwa, limepakwa rangi, mlango wa dereva mpya kabisa na rangi yake imepishana kidogo na ya mlango wa nyuma. Kama huna habari, ungedhani liligongwa kwenye maegesho. Nilitegemea moyo utanipasuka nikiliona. Haukupasuka. Nilichowaza ni kwamba aliyepaka rangi amelipua kazi.

Miezi mitano ilikuwa imepita. Kaka alikuwa anakwenda harusini kwa kina wifi, mdogo wake wifi alikuwa anaolewa, na mkewe amekaa pembeni yake. Katikati ya safari tairi la mbele kulia likapasuka, gari likavutwa upande huohuo, upande wa dereva, likaenda kupiga ukuta wa daraja dogo. Wifi alitoka na mkono uliovunjika. Kaka hakutoka.

Msibani, watu walipomuuliza ilikuwaje, wifi alisema jambo moja lililomganda mpaka leo. Alisema taa iliwaka njiani, kaka akataka kupitia gereji, na yeye akamwambia watachelewa. Mama yangu alilidaka hapohapo. "Harusi ya kwao ndiyo imemmaliza mwanangu." Alilisema siku ya kwanza, akalisema siku ya tatu, na hajaacha. Wifi akija kumsalimia, mama huitikia huku anaangalia dirisha. Na mimi nilisema vilevile. Si kwa sauti kubwa, lakini nilisema, jikoni, mbele ya shangazi zangu, huku naosha vikombe: "Angemwacha tu apitie." Nilisema mara tatu, nazikumbuka zote.

Ambalo sikumwambia mtu ni kwamba kaka alinipigia simu.

Alisimama kando ya barabara saa nne na dakika ishirini. "Fundi," akaniambia, maana hakuwahi kuniita kwa jina tangu nipate cheti, "hiki kigari kilichochorwa kwenye dashibodi kimewasha tairi moja njano. La nyuma kushoto." Nikamwambia achukue geji niliyompa, iko kwenye mfuko wa mlango, alipime hilo. Akapima. Thelathini na tatu, upepo safi kabisa. "Nipime na mengine?" akauliza. "Ya nini? Mengine yangekuwa na shida kompyuta ingesema. Hiyo sensa imekufa, ni betri tu. Nenda kacheze harusi ya watu, uniletee Jumatatu." Akacheka, akakata simu. Dakika arobaini baadaye alikuwa ameshakufa.

Kwa hiyo kwangu jambo lilikuwa moja. Kama sensa ya nyuma kushoto ilikuwa imekufa, basi nilimwambia kweli, na tairi la mbele lilipasuka kwa mambo yake. Kama ilikuwa hai, mimi ndiye niliyemwambia aendelee. Miezi mitano nilijiaminisha kwamba imekufa. Nililala vizuri, nilikula, nilicheka watu waliposema la kuchekesha. Ndugu walinisifu kwamba nimejikaza, nikawaacha waseme, kwa sababu sikujua niwaeleze vipi kwamba hakuna ninachokikaza. Ilikuwa kama mguu ulioukalia vibaya ukashikwa na ganzi: unauona ni wako, unaukanyagia, ila hausikii kitu.

"Kaa pale kwenye benchi," nikamwambia wifi. "Nitaliangalia."

"Sikai. Nitasimama hapahapa."

Bosi wetu alitoka ofisini. Tumempachika jina la Mzee Kadi. Kila gari linaloingia analifungulia kadi ngumu ya njano yenye mistari kumi na miwili ya kutia sahihi, na kwake yeye gari lisilo na kadi halikufika gereji. Mstari wa kumi na mbili aliuongeza kwa mkono wake mwenyewe: *Sensa za matairi zimefundishwa mahali pake.* Tunamtania kwamba hata mkewe nyumbani anamtilia sahihi akipika. Hachukii, anauliza tu kama tumeshajaza mstari wa tano.

"Pole, mama," akamwambia wifi. Kisha akanigeukia. "Hili tunalifungulia kadi?"

"La nyumbani hili, bosi," nikajibu, kama nilivyojibu miaka yote.

"Lifungulie," akasema wifi.

Bosi alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaandika namba ya gari kwenye kadi mpya na kuibana chini ya waipa.

Nilianza kwa kuwasha swichi. Taa ya upepo ikapepesa, ikapepesa, dakika nzima, halafu ikatulia ikiwaka.

"Unaona inavyopepesa?" nikasema. "Ikipepesa kwanza ujue kuna sensa haisikiki, imekufa au haipo. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, ujue sensa zote zinasikika, na mojawapo inalalamika upepo umepungua."

Niliyasema kwa sauti yangu ya wateja. Nimeyasema mara mia, yananitoka yenyewe.

"Siku ile haikupepesa," akasema wifi.

"Una uhakika?"

"Nilikuwa nakiangalia hicho kigari. Kiliwaka njano kikatulia vilevile."

Swali hilo lilitakiwa niliulize mimi, kwenye simu, siku ile. Ni swali la kwanza tunalofundishwa. Nilichukua mashine ya kusomea sensa na kuinama kwenye gurudumu la mbele kushoto. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, nakumbuka niliiangalia.

Ndani ya kila rimu, pale valvu inapoingilia, kuna kidude kisichozidi kiberiti. Hicho ndicho sensa. Kina betri yake na namba yake, na kazi yake ni kupima upepo na kuitumia kompyuta ya gari ujumbe: mimi namba fulani, upepo wangu ni huu. Hakijui kiko wapi. Kompyuta nayo haioni magurudumu, ina orodha tu: namba hii inakaa mbele kulia, namba ile nyuma kushoto. Ukihamisha magurudumu usiifundishe upya, itaendelea kuamini orodha ya zamani.

Niliisogeza mashine kwenye valvu, nikabonyeza. Mbele kushoto ikajibu, betri nzuri. Nikazunguka. Mbele kulia kimya. Hapo watu wa bodi walikuwa wamefunga tairi la spea, na spea huwa halina sensa. Kumbe hiyo ndiyo sababu ya taa aliyoileta wifi, kazi ya robo saa. Nyuma kulia ikajibu. Nikafika nyuma kushoto.

Nikachuchumaa pale, nikakaa hivyo. Kisha nikabonyeza.

Ikajibu. Upepo thelathini na mbili, betri nzuri. Sensa niliyoitangaza imekufa ilikuwa nzima kama siku ilipotoka kiwandani. Nilisubiri nisikie kitu. Nilichosikia ni kompresa ya jirani.

Halafu nikaiangalia namba yake vizuri, nikailinganisha na orodha ya kompyuta. Kwenye orodha, namba ile haikuwa ya nyuma kushoto. Ilikuwa imeandikwa mbele kushoto. Nikarudi kwenye zile nyingine. Iliyoko mbele kushoto, orodha iliijua kama nyuma kulia. Iliyoko nyuma kulia ilijulikana kama mbele kulia. Hakuna hata moja iliyokuwa kwenye kiti chake.

"Tairi lililopasuka liko wapi?" nikauliza.

"Kwenye buti. Walilifunga kwenye gunia."

Nililitoa gunia nikalifungua sakafuni. Rimu ilikuwa imepinda, tairi limechanika ubavu mzima na nyuzi zake zimetoka. Niliwasha mashine nikaisogeza kwenye valvu. Ilijibu mara moja. Upepo sifuri, betri nzuri, na namba yake ni ile ambayo kompyuta iliandika *nyuma kushoto*.

Niligeuza tairi taratibu. Kwenye sehemu inayokanyaga barabara, katikati ya mfereji, kulikuwa na kichwa cha msumari mdogo, kimesuguliwa na lami mpaka kinang'aa.

Siku saba kabla ya safari ile, Jumamosi, kaka alikuja na wifi nikayazungusha matairi ili yalike sawasawa. Ya mbele nikayarudisha nyuma moja kwa moja. Ya nyuma nikayapeleka mbele kwa kuyapishanisha, la kushoto likaenda kulia. Baada ya hapo unatakiwa kupita na mashine, gurudumu moja moja, uifundishe kompyuta. Gari la mteja silitoi bila hiyo kazi, siku zote. Lakini la kaka lilikuwa la nyumbani. Halikuwa na kadi, na kwa kuwa halikuwa na kadi, halikuwa na mstari wa kumi na mbili wa kunikodolea macho. Nilikaza nati, nikamwambia tayari.

Kwa hiyo gari lilisema kweli. Lilisema tairi lenye namba ile linapungua upepo. Tairi hilo lilikuwa mbele kulia, chini ya miguu yake, na yeye akashuka akaenda kupima la nyuma kushoto kwa sababu kigari kilimwonyesha hilo na mimi nikamwambia hilohilo. Akataka kupima na mengine. Nikamwambia ya nini.

Nilikaa chini, kwenye sakafu ya mafuta, na gunia mapajani.

"Umepata?" akauliza wifi.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. *Sensa ilikuwa mbovu, wifi. Taa haikuwa na maana yoyote.* Wifi hajui kusoma mashine. Na uongo huo ungemsaidia hata yeye: kama taa haikuwa na maana, basi kutopitia gereji nako hakukuwa na maana. Tungetoka hatiani wote wawili. Mama angepewa habari hiyo jioni, pengine angeacha kuangalia dirisha. Ulikuwa uongo mzuri, na sijui kama ningeumeza au ningeutema, maana wifi alisema kwanza.

"Kabla hujanijibu, nikwambie kitu. Simu yake alikuwa ameiweka sauti kubwa. Nilikusikia."

Nikanyanyua kichwa.

"'Nenda kacheze harusi ya watu,'" akasema. "Alivyokata, bado alitaka kupitia gereji ya hapo mbele. Nikamwambia, dada yako ndiye fundi, ameshasema ni sensa, tutachelewa. Ndivyo ilivyokuwa. Msibani nilisema nusu."

"Kwa nini ulisema nusu?"

"Nusu nyingine ilikuwa yako. Nilikuwa nasubiri uiseme."

Alisema bila ukali. Mkono wake uliovunjika haunyooki vizuri mpaka leo, alikuwa ameushika kwa ule mwingine. Miezi mitano aliingia nyumbani kwetu akasalimia mgongo wa mama, na mimi nimekaa palepale kwenye kochi. Alijua muda wote. Hata zile mara tatu za jikoni, siku moja alikuwa amesimama mlangoni na trei.

Basi nikamweleza. Nilimweleza vibaya, kwa kurukaruka, ikabidi nichukue nati nne nizipange sakafuni kama magurudumu na kuzihamisha mbele ya macho yake. Alichuchumaa kuangalia. Nilipofika kwenye nati ya nyuma kushoto nikaipeleka mbele kulia, aliweka kidole juu yake akaiacha pale.

"Kwa hiyo taa ilisema kweli," akasema.

"Ilisema kweli. Mimi ndiye niliyemhamishia tairi nisiiambie kompyuta. Halafu nikamzuia asipime."

"Na ningemwacha apitie ile gereji?"

"Wangepima yote manne. Wangeuona msumari."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na sikuona kwa nini nimfiche. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha jambo alilokwishalihesabu.

"Hicho kidude kilichopasukiwa," akasema, "ni kizima?"

"Kizima. Lakini nina kipya ofisini."

"Kama ni kizima, kirudishe hichohicho."

Nilikifungua kutoka kwenye rimu iliyopinda, nikakifuta, nikakifunga kwenye rimu ya spea, nikajaza upepo, nikarudisha gurudumu. Wifi alisimama karibu kiasi kwamba nilikuwa nazunguka miguu yake. Nilipomaliza, nilishika mashine, nikaliweka gari katika hali ya kujifunza. Unaanza mbele kushoto. Unabonyeza, unasubiri, honi inalia mara moja fupi kukuambia nimelijua hili. Mbele kulia, honi. Nyuma kulia, honi. Nyuma kushoto ilichelewa kidogo, kisha ikalia. Taa kwenye dashibodi ikazimika.

"Imechukua dakika ngapi?" akauliza wifi.

Niliangalia saa ya ukutani, ingawa nilijua. "Nne."

"Siku ile ulivyomaliza tulikaa kwenye benchi lile tukanywa soda. Ulikuwa unamwigiza bosi wako anavyokagua kadi. Alicheka mpaka soda ikamtoka puani."

"Nakumbuka."

"Tulikaa nusu saa," akasema.

Nilichukua kadi chini ya waipa. Nilijaza mstari mmoja mmoja, wa kumi na mbili nikautia sahihi. Bosi alikuja akaipokea, akaisoma yote kama kawaida yake, akafungua mdomo kutania, akauona uso wa wifi akaufunga. Akaenda nayo ofisini akiishika kwa mikono miwili.

"Mama atanisikiliza mimi?" akauliza wifi.

"Hapana."

"Basi panda."

Yeye aliendesha. Mimi nilikaa kiti cha pembeni, pale alipokuwa amekaa yeye. Kwenye mfuko wa mlango wa dereva geji yangu ilikuwa bado imo. Mlango ulibadilishwa, lakini kuna mtu kule kwa watu wa bodi aliiokota akairudisha pale. Wifi aliendesha polepole, akisimama kila penye alama ya kusimama hata kama hakuna gari. Nilijaribu kupanga maneno nikaona yote yanaanzia katikati.

Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Alikuwa na shuka kubwa, amelibana kwa kidevu, anahangaika na ncha zake, maana shuka lile halikunjiki na mtu mmoja. Wifi alimwamkia. Mama akaitikia, macho dirishani.

"Mama," nikasema nikiwa mlangoni, hata viatu sijavua. "Alinipigia simu. Siku ile, kabla. Aliniambia taa imewaka, nikamwambia aendelee na safari. Na taa ilionyesha tairi lisilo lenyewe kwa sababu ya kazi niliyoilipua mimi. Wifi aliniamini tu mimi. Nimekaa kimya miezi mitano nikimwacha ambebe kaka peke yake."

Kidevu cha mama kilikuwa bado kimebana shuka. Nilimwona anaipokea ile habari, inaingia, inashuka, na sura yake haikubadilika. Kisha aliachia kidevu, shuka likafunguka lote mbele yake mpaka sakafuni. Nilisogea hatua moja nikanyoosha mkono kushika ncha ya pili, kama nilivyofanya tangu utotoni.

Akaivuta ncha ile kwake. Akageuka.

"Shika hapa, mwanangu," akamwambia wifi.

Wifi alishika, ncha moja kwa mkono mzima na nyingine kwa ule usionyooka. Wakalivuta likanyooka, wakakaribiana, wakaachana, wakakaribiana tena. Mama alikuwa anamwangalia usoni. Kifua changu kilianza kuuma, taratibu kwanza, namna mguu unavyouma ganzi ikianza kuachia, halafu kikauma chote kwa mpigo mmoja mpaka nikashika fremu ya mlango. Walimaliza shuka la kwanza wakachukua la pili. Hakuna aliyeniambia niingie.